Herufi Kubwa Msibani

Baba yangu alifundisha Kiingereza Tabora mjini mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kuwafundisha watu wasiomwomba. Kitu alichokipenda kuliko vyote katika lugha ile ni herufi kubwa. Kuna watu wanaopenda mpira, wengine siasa, wengine wake za watu. Baba alipenda herufi kubwa. Alisema Waingereza wamekosea mambo mengi duniani, lakini hili la kuinua jina la kila taifa, hata taifa lenye watu watatu na mbuzi, ni adabu ambayo yeye hawezi kuwanyima.

Darasani aliifundisha kwa miguu. Alikuwa anataja neno, na kama kwa Kiingereza linaanza kwa herufi kubwa, darasa zima linasimama. Kama linaanza kwa ndogo, darasa linakaa. "Tabora!" Tunasimama. "Mji!" Tunakaa. "Mwarabu!" Juu. "Mfanyabiashara!" Chini. "Jumanne!" Juu. "Asubuhi!" Chini. Nasema tunasimama kwa sababu nami nilikuwemo, mtoto wa mwalimu, na nyumbani sikupata nafuu. Baba aliweza kutamka "Wahindi" akiwa na tonge mdomoni, mimi na kaka yangu tukainuka mkekani mikono ikiwa na mchuzi, na mama akatutazama kama watu waliopandwa na mashetani.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja kutoka Urambo ambaye kila alipoandika neno tumbaku kwa Kiingereza alilianza kwa herufi kubwa. Baba alimsahihisha mpaka wino mwekundu ukaisha. Mwisho akamwita mbele, akamuuliza kisa. Yule akajibu kwa heshima zote, "Mwalimu, nyumbani kwetu hakuna kitu kikubwa kuliko tumbaku." Baba akafikiri sana. Alirudi nyumbani siku ile hana raha, akamwambia mama kwamba kanuni inasema hapana, lakini yule mtoto amesema kweli, na yeye hajui afanye nini na mtoto aliyesema kweli.

Mtu pekee aliyeweza kumshinda baba kwenye mambo haya alikuwa mtani wake.

Sisi ni Wanyamwezi. Yeye alikuwa Mgogo, mfanyakazi wa reli aliyeletwa Tabora kushika bendera ya kijani na nyekundu pale stesheni, na hakurudi tena kwao. Makabila yetu yametaniana tangu misafara ya zamani ilipokuwa ikitoka huku kwenda pwani ikipitia kwao. Tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Kila jioni alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda cha mama bila kukaribishwa, akauliza leo kumepikwa nini, na kabla hajajibiwa akasema hakitoshi. Jina lake watoto hatukulitumia kabisa. Alikuwa Mtani, basi.

"Hebu niambie," alimwuliza baba jioni moja, "kwenye hicho Kiingereza chako, Mgogo anaandikwa kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa," baba akasema. "Ni sheria. Siku nilipoisoma nililia."

"Na Mnyamwezi?"

"Kubwa vilevile."

"Hapo ndipo Waingereza walipokosea. Watu mliobeba mizigo ya wenzenu mpaka vichwa vikawa bapa kama meza, mnapewa herufi kubwa ya nini? Mtaiweka wapi?"

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Jioni nyingine ikawa zamu ya neno "I", mimi, ambalo kwa Kiingereza huandikwa kubwa hata likiwa katikati ya sentensi, wakati wewe na yeye na sisi wote wengine huandikwa wadogo. Mtani alipoelezwa hayo alishusha kikombe cha chai polepole.

"Kwa hiyo Mwingereza akijitaja mwenyewe ni mkubwa, akinitaja mimi ni mdogo?"

"Ndiyo."

"Basi huyo naye Mnyamwezi."

Nilikua nikiamini kwamba watu wawili hawa wanachukiana. Mama ndiye aliyenieleza, nikiwa msichana mkubwa tayari, kwamba msibani mtani ana kazi ngumu kuliko padri. Yeye ndiye anayevaa koti la marehemu na kuiga kikohozi chake, anayeiba nyama jikoni, anayewachekesha wafiwa kwa nguvu mpaka wamkumbuke mtu wao akiwa hai. "Baba yako na yule," alisema mama, "kila mmoja anamsubiri mwenzake afe aone kama atamtendea haki."

Baba ndiye aliyetangulia. Alifia hospitali, mwaka ambao simu yake ilikuwa imejaa ugomvi. Katika kundi la WhatsApp la ukoo alikuwa anasahihisha watu hata salamu za siku ya kuzaliwa. Mjukuu akiandika "Happy birthday, babu", yeye anajibu, "Babu iwe kubwa, hapo umelitumia kama jina. Ahsante." Nami kazi yangu ni ileile ya kufundisha Kiingereza, kwa hiyo watu wa kundini walinitumia ujumbe pembeni wakiniomba nimtulize. Sikumtuliza. Alikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye kosa tulilofanya, mimi na kaka yangu, maana hakuna mtu mwingine wa kulibeba.

Kaka alikuja kutoka Dar na mambo ya Dar: ratiba iliyochapwa yenye picha ya baba, turubai, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, na tepe nyeupe za kuvaa kifuani kwa wageni maalumu. Mtani alipofika nyumbani, mzee sasa, anatembea kwa fimbo, tulimpokea vizuri mno. Mimi nilipiga goti nikasema shikamoo mzee, pole sana. Kaka alimbandika utepe kifuani, akamshika mkono akampeleka mstari wa mbele, akamketisha karibu na padri. Tukamletea chai ya maziwa na andazi kwenye kisahani. Alitutazama mmoja mmoja, akasema ahsante. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akisema ahsante kabla ya hapo. Niliona ni majonzi.

Msiba ukaenda. Watu walilia, wakaimba, wakala. Mtani alikaa kwenye kiti chake cheupe kama mwali, mikono juu ya fimbo, akiitikia "Amina" mahali panapostahili. Koti la baba lilikuwa limetundikwa makusudi kwenye msumari karibu na mlango, mama ndiye aliyelitundika, na hakuna aliyeligusa. Nyama ilibaki jikoni salama. Mama alikuwa ndani, ameketi mkekani kati ya wanawake, na alimwuliza kila aliyeingia jambo moja: "Mtani ameanza?"

"Bado, mama."

"Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Amekaa vipi?"

"Vizuri tu. Anasali."

Mama akafunika uso kwa kanga. "Anasali," akasema. Hakuwa amelia tangu hospitali, na nilidhani sasa atalia, lakini hakulia.

Siku hiyohiyo ukazuka ugomvi wa msalaba. Baba alikuwa amemwagiza mama kwamba msalaba wake uandikwe kwa Kiingereza sahihi au usiandikwe kabisa. Seremala alikuwa anasubiri na brashi yake. Kaka aliandika maneno kwenye simu, na simu kwa ujuaji wake ikaweka herufi kubwa kila mahali ilipopenda. Nikamnyang'anya, nikasahihisha: mume, baba, mwalimu wa Kiingereza. "Husband" kubwa kwa sababu linaanza mstari, "father" ndogo, "teacher" ndogo, kwa kuwa cheo kisichotangulia jina hakipati, "English" kubwa. Nikamsomea baba mdogo, mdogo wake marehemu, mkulima wa Goweko ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye mifuko ya mbolea. Akaniomba nirudie, kubwa zipi na ndogo zipi. Nikarudia.

"Yaani baba ndogo?"

"Ndogo."

"Mwalimu ndogo?"

"Ndogo, baba mdogo."

"Kiingereza ndiyo kubwa?"

"Ndiyo sheria."

"Mwanangu," akasema, na mshipa wa shingo ukamsimama, "hilo kaburi ni la kaka yangu au la Kiingereza?"

Turubai lote likageuka. Shangazi mmoja akasema kama ni hivyo basi Jumanne nayo ina herufi kubwa na mke wa mtu hana. Mwingine akauliza kama Waingereza wamechangia jeneza. Kaka akapendekeza yote yaandikwe kwa herufi kubwa, lawama ziishe, nikamwambia baba aliita maandishi ya namna hiyo makelele, na hatuwezi kumwekea mtu makelele kichwani mpaka siku ya kiyama. Mzee mmoja mwenye busara za haraka akatoa wazo kila neno lipewe mstari wake, liwe la kwanza, lipate haki yake. Seremala akasema msalaba hautatosha labda aongeze ubao, na mchango wa mbao umekwisha. Mama, kutoka ndani, alituma ujumbe kwamba yeye hayumo kwenye msalaba huo kwa herufi yoyote ile, ameandikwa mume tu, kwa hiyo tusimwulize.

Kaka, akitafuta mwamuzi, akamwendea Mtani pale kwenye kiti cheupe. Akainama kwa heshima. "Mzee, wewe ulikuwa rafiki yake. Unaonaje? 'Teacher' iwe kubwa au ndogo?"

Watu wakasogeza viti. Mtu huyu alikuwa amegombana na baba juu ya jambo hilihili kwa umri wangu wote. Nilijikuta nasubiri kwa hamu kama mtoto.

"Andikeni mnavyoona inafaa," akasema Mtani.

Nilipompelekea mama jibu hilo alinyanyuka mkekani nusu, akakaa tena. "Tumemfanya nini yule?" akauliza. "Mtani asipotania, maana yake tumemgeuza mgeni. Na mtu anayezikwa na wageni watupu ni mtu aliyefia njiani. Nendeni mkamfungue huyo mtu. Sitamzika mume wangu hivi."

Sikujua mtu anafunguliwa vipi. Nikamrudia Mtani, nikamwambia mzee, mama anaomba utanie kidogo. Akasema hajisikii, mwanangu. Nikamwonyesha koti la baba pale msumarini. Akasema koti zuri, lifueni mpeni mwenye shida. Nikachanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa huanza kutafuta vibarua. Shuleni kwetu kuna mwalimu wa hisabati ambaye ni Mgogo. Nikampigia simu. Mtu mpole, hajawahi kumtukana hata mwanafunzi aliyekosea moja jumlisha moja. Akaniuliza kama matusi yanatakiwa ya jumla au ya kumlenga marehemu, na kwa muda gani. Nikamwambia ya kumlenga, na mafupi. Akasema ataandaa matatu.

Tukaondoka Tabora kwa magari, msalaba ukiwa bado mtupu bila neno, kwenda Goweko, shambani kwa baba, maana alitaka kulala kwao. Udongo wa huko ni mchanga mwekundu laini, na kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri sana, kingo zimenyooka. Kijiji kizima kilikuwepo. Mtani aliletwa kwenye gari la mbele, kiyoyozi kimewashwa, utepe bado kifuani. Jeneza likawekwa kando ya shimo juu ya vigogo viwili. Mama aliketi juu ya mkeka, ameshikwa huku na huku. Padri alipomaliza sehemu yake ya kwanza, nikampa ishara mwalimu wa hisabati.

Akasogea mbele, akarekebisha tai. "Marehemu," akasema, "hakuwa mrefu sana."

Watu wakatazamana.

"Pia alipenda kusahihisha watu, na mara nyingine muda haukuruhusu."

Baba mdogo akasema "Kweli," kwa huzuni. Mama akafumba macho. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi ilikuwa wazi pale pale mbele yangu.

"Na la tatu," akasema mwalimu wa hisabati, jasho likimtoka, "alikuwa mkarimu kupita kiasi."

Fimbo iligonga chini mstari wa mbele.

"Mkarimu nani?" Mtani alikuwa amesimama. "Nani mkarimu? Huyu? Huyu aliyekuwa anakata kijiti cha kiberiti katikati kiwake mara mbili? Wewe umetoka wapi? Nani kakufundisha kutukana? Unakuja kuniaibishia kabila mbele ya mizigo hii ya Kinyamwezi?" Akaung'oa utepe, ukatoka na kipande cha mfuko wa shati. Akapita katikati ya padri na maua, akafika ukingoni, akakaa kwa makalio, na kabla mtu hajamshika akaserereka mpaka chini. Tulisikia kishindo. Kisha sauti ikatoka kaburini:

"Msafara haupiti! Hapa Ugogo! Leteni hongo!"

Wazee wakaanza kucheka kwa mshtuko. Kila mtu wa huku anajua kwamba zamani misafara ya babu zetu ilipofika Ugogo haikuvuka wala kunywa maji mpaka watemi wa kule walipwe hongo yao. Kaka, ambaye Dar imemsahaulisha mengi, akaingiza mkono mfukoni akatoa pochi.

"Rudisha hela zako," Mtani akasema kutoka chini. Nilisogea nikamwona. Amelala chali, mikono kifuani, mchanga nyweleni, na hakuwa anacheka. "Sitaki hela, sitaki kuku. Nataka tusi moja. Huyu mtu alinitukana kila siku ya Mungu. Amekufa, nimekuja kwake, mmenipa pole. Mmenipa kiti. Mmenipa chai kwenye kisahani. Mmeniita mzee. Nimekaa pale namngoja Mnyamwezi mmoja anitukane nijue nimefika nyumbani, hakuna. Kama mimi ni mgeni hapa, kwa nini nitanie? Mgeni hatanii. Nilipwe tusi langu, au laleni naye huko juu."

Hapo nilielewa. Sisi ndio tuliomfunga, kwa adabu zetu, kwa shikamoo na utepe. Kaka akainama ukingoni, akakohoa. "Mzee, samahani lakini, wewe ni mkorofi."

"Umesema samahani," ikajibu sauti. "Haihesabiki."

Nikajaribu mimi. Miaka yangu yote ya kufundisha watoto wa watu adabu ilinipanda kooni ikakaa. "Wewe," nikasema, "wewe ni... msumbufu."

"Hilo ni tusi au ni maoni?"

Watu walikuwa wanacheka sasa, lakini kicheko kilikuwa na hofu ndani yake, maana jua lilikuwa linashuka na marehemu yuko juani. Padri akatazama saa. Wanaume wawili wakaanza kuvua viatu waingie wamtoe kwa nguvu, baba mdogo akawazuia, akasema mtani hatolewi kwa nguvu, ni mkosi, mnataka tufe wote?

Ndipo nikaona wanawake wa mkekani wanababaika. Mama alikuwa amesimama. Mjane hasimami wakati ule, anasimamishwa, lakini alisimama peke yake, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni namna anavyofanya akienda kugombana na mtu sokoni, akaja mpaka ukingoni. Akamtazama Mtani kule chini kwa muda. 

"Wewe," akasema mama. "Umekula kwangu tangu nina nywele nyeusi. Hukuwahi kuja na chumvi. Hukuwahi kuja na kuni. Kigoda changu umekikalia mpaka kimechukua umbo la makalio yako, hakuna binadamu mwingine anayeweza kukikalia. Leo umeona wenzako wamechimba shimo, wametoka jasho, limenyooka, umekimbilia kulala. Mvivu mkubwa wewe! Toka humo ndani. Toka, mwenye nyumba amefika."

Kicheko kilianzia kaburini. Kilikuja kikubwa, cha yule mtu wa kila jioni, na juu watu wakakipokea, wazee wakapigana mabega, shangazi zangu wakalala mchangani, hata padri akageukia upande mwingine mabega yakimtikisika. Kisha tukasikia kicheko cha chini kimegeuka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kimegeuka nini.

Mtani akanyoosha mikono juu. Wanaume wakamvuta, akatoka mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye nyusi, machozi yamechora mistari miwili. Hakujifuta. Alimwendea mtu aliyeshika kamba ya upande wa kichwa, akamsukuma pembeni bila kuomba radhi, akaishika yeye. "Mzito," akasema. "Alikuwa anakula peke yake, nilijua." Wakamshusha baba polepole, Mtani akitoa amri kama alivyozoea kuamuru treni, taratibu, simama, haya, mpaka jeneza likagusa chini na kamba zikalegea.

"Sasa amekwenda," akasema mama. Akakaa palepale mchangani, akalia kwa sauti yake yote, na hakuna aliyemnyamazisha.